Hiyo Biti Ni ya Nani?

Ukimwambia mtu hapa Kenya kwamba unasomea sheria, swali la kwanza litakuwa la shamba. La pili litakuwa la kijana fulani aliyebebwa na polisi Ijumaa usiku na Jumatatu bado hajaona korti. Hakuna mtu huuliza kuhusu muziki. Mimi niko mwaka wa nne, mwaka wa kuandika utafiti, na mada niliyochagua ni sheria ya mawasiliano na burudani. Mjomba wangu, ambaye alichanga karo yangu ya mwaka wa kwanza, aliposikia alinyamaza kama mtu anayehesabu pesa zake kichwani. Kisha akasema, "Kwa hivyo tumesomesha DJ."

Nilicheka, shikamoo ikapita. Lakini wasee, acheni niwaambie kile nimekuwa nikisoma hii miezi yote, kwa sababu nyinyi mko ndani ya hii sheria kuliko mjomba.

Chukua tu leo asubuhi. Nganya uliyopanda kuingia tao ilikuwa inapiga muziki mpaka viti vinatetemeka, na skrini mbele inaonyesha video. Kwa macho ya sheria huko ni kucheza kazi ya mtu hadharani, na mwenye gari anafaa awe amelipia leseni. Jioni mkaingia klabu, mpiga picha wa klabu akawapiga picha mkiwa mmejiachilia, kesho yake mko kwa ukurasa wao kama tangazo. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Siku hizo hizo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi wadogo bila wazazi kukubali. Hii iko kwa rekodi. Kwa hivyo ukiona mtu anakuelekezea kamera na wewe uko na mtu ambaye hukufaa kuwa naye, jua sheria inaweza kukusaidia na klabu. Na bibi yako, hapo ni wewe na Mungu wako.

Halafu kuna ile sala watu huandika chini ya video, kwamba hawana nia ya kukiuka hakimiliki. Nimesoma Sheria ya Hakimiliki ya 2001 mara tatu na hiyo sala sijaiona. Kuandika hivyo hakukupi ruhusa yoyote. Ni kama kubeba kuku wa jirani huku unamwambia huna nia ya kuiba. Na ile ya sekunde 30? Pia haimo. Hakuna sekunde hata moja iliyotajwa. Kilichomo ni kwamba unaweza kutumia kazi ya mtu kwa haki ukiwa unaihakiki, unaripoti habari za sasa, unaitumia binafsi au unafanya utafiti wa kisayansi, na useme umeitoa wapi. Kuweka wimbo wa mtu chini ya tangazo la viatu unavyouza si uhakiki, hata kama viatu ni vikali.

Kile kilinishika zaidi si hakimiliki, lakini. Ni sheria moja ya zamani inaitwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Ni ya 1962. Bendera yetu ilipandishwa Desemba 1963, kwa hivyo hii sheria ni mkubwa wa Kenya huru, tunafaa kuiamkia. Sehemu ya 4 inasema hakuna filamu itakayotengenezwa Kenya ya kuonyeshwa umma au kuuzwa bila leseni. Wakati inaandikwa, filamu ilikuwa kamera kubwa kama jiko la makaa, lori la vifaa na mzungu mwenye kofia akipiga kelele. Sasa soma hayo maneno tena ukiwa na simu mkononi. Mei 2018 bodi ya filamu iliyasoma hivyo hivyo, ikatangaza kwamba hata wanaotengeneza video za kuweka mtandaoni wanahitaji leseni. Mnakumbuka vile mtandao uliwaka. Watu walidhani ni wazimu wa mtu mmoja aliye ofisini. Ukweli ni kwamba bodi haikuwa imebuni kitu. Maneno yalikuwa pale kwa kitabu, miaka zaidi ya hamsini, yakingoja mtu ayatumie. Hiyo ndiyo huniogopesha kuhusu sheria ambazo hakuna anayezifuata. Hazijafa. Zimelala tu.

Na zikiamka, huwa zinaanza na watoto wa shule. Mwaka 2013 Butere Girls walikuja na mchezo unaitwa Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala. Ulihusu kabila, kazi na mgao wa rasilimali, na ukafungiwa njia ya kufika tamasha la kitaifa kwa sababu eti ungeleta chuki. Okiya Omtatah akaenda Mahakama Kuu na mahakama ikasema wasichana wacheze. Nilisoma hiyo hukumu usiku, nikaisoma tena asubuhi. Msingi wake ni kifungu cha 33 cha Katiba, ambacho watu hudhani ni cha wanasiasa na wanahabari pekee. Hapana. Kinataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Mipaka iko, ndiyo: propaganda ya vita, kuchochea vurugu, matamshi ya chuki. Lakini mchezo kukukera au kukuaibisha si mojawapo ya hiyo mipaka.

Mngefikiri mambo yaliishia hapo. Aprili 2025, shule ni ile ile, mwandishi ni yule yule Malala, ambaye katikati hapo alishakuwa seneta wa Kakamega na katibu mkuu wa chama tawala, na mchezo safari hii unaitwa Echoes of War. Tena vizuizi, tena korti, tena amri ya Mahakama Kuu kwamba waruhusiwe. Wakafika Nakuru. Mwelekezi wao alikuwa ameshikwa na polisi, hakukuwa na hadhira, hawakuwa na vifaa vyao. Wale wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakarudi kwa basi. Nje kulikuwa na vitoa machozi.

Mimi kama mwanafunzi wa sheria hapo ndipo nilikwama wiki mbili nzima, siwezi kuandika. Nilikuwa nimepanga sura nzuri inayosema mahakama ilishatatua hili jambo 2013. Lakini uamuzi ukiwa mzuri kwa karatasi na basi bado linarudi Butere bila mchezo kuchezwa, utasema umetatuliwa? Msimamizi wangu, mama mmoja mkali lakini wa haki, aliniambia, "Basi andika hivyo. Nani alikudanganya kwamba hukumu ndiyo mwisho wa kesi?" Hiyo sentensi imebadilisha utafiti wangu wote, na hata hajui.

Upande wa mawasiliano nitaupitia haraka kwa sababu wengi mnaujua kwa ngozi. Mwaka 2015 Geoffrey Andare alishtakiwa kwa posti ya Facebook, chini ya sehemu ya 29 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliifuta hiyo sehemu kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno, raia hawezi kujua mapema kosa ni lipi. Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi 50,000 au miezi mitatu jela, au vyote viwili. Mei 2018 ikaja sheria mpya ya uhalifu wa mitandao, na humo kuchapisha habari za uongo kukapewa hadi milioni 5 au miaka 10. Ni kama ile magugu unakata juu unaacha mzizi, mvua ikinyesha yanarudi yakiwa na afya kuliko mwanzo.

Sasa turudi kwa muziki, maana huko ndiko kuna pesa na ndiko kuna machozi.

Mnakumbuka Mei 2022, Azimio wakimtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza, wakatoa video iliyo na wimbo wa Sauti Sol, Extravaganza? Sauti Sol wakatoka wakasema hawakuulizwa. Mtandaoni watu wakagawanyika kwa vyama, kama kawaida yetu, na swali la kisheria likapotelea humo. Lakini swali lilikuwa tamu. Kuna leseni ya kucheza wimbo hadharani, ile ya hoteli, matatu na mikutano, ambayo unalipia kwa mashirika yanayokusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi, wenye rekodi na watumbuizaji. Halafu kuna ruhusa tofauti kabisa ya kuunganisha wimbo na picha, na hiyo unaiomba kwa mwenye wimbo mwenyewe. Anaweza kukataa. Anaweza kukutajia bei ya gari. Ukiwa na ya kwanza haimaanishi una ya pili. Kama hutakumbuka kitu kingine hapa, kumbuka hizo ni ruhusa mbili, kwa sababu kila mtu anayewahi kupewa kazi ya kutengeneza tangazo hukosea hapo hapo.

Na Skiza. Kwa miaka wasanii wamelia kuhusu Skiza, na wengi wetu tuliwaona kama watu wa kulalamika tu. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 yaliweka hesabu kwenye sheria yenyewe: kampuni ya simu isichukue zaidi ya asilimia 39.5, kampuni ya katikati isizidi 8.5, mwenye kazi asipate chini ya 52. Kwa shilingi 100, hizo ni 52 zako. Safi. Lakini angalia maneno: mwenye kazi. Nani huyo? Kama wimbo uliimbwa na wawili, biti ni ya mtu wa tatu, na wa nne aliandika kiitikio mkiwa kwa gari mnarudi kutoka Thika, sheria haitawaingilia kuwaambia 52 mgawane vipi. Hapo ni makubaliano yenu, na makubaliano ya wengi wenu ni "tutasortiana." Nimekaa studio za watu. Nimeona nyimbo zenye watazamaji wengi kwa YouTube ambazo hazina hata karatasi moja inayosema nani ana nini. Siku ya kurekodi nyote ni ndugu. Siku ya kwanza pesa zikiingia, ndugu wanaanza kuhesabu mistari.

Nina rafiki Kayole ambaye ndiye hasa alinifanya nichague hii mada, hata kama kwa fomu ya chuo niliandika sababu nyingine za heshima. Amekataa nitaje jina lake. Anatengeneza biti tangu akiwa kidato cha tatu, kwa chumba kimoja, godoro limesimamishwa ukutani lipunguze mwangwi, laptopu haina herufi ya P. Ana sikio ambalo mimi sijawahi kuona kwa mtu. Mwaka jana kampuni moja ya matangazo ilimpata kupitia mtu, wakamwandikia kwa WhatsApp: tutumie ile ya gita tuweke kwa video ya ivent yetu, tutakusort. Akatuma. Wakamtumia 8,000 kwa M-Pesa. Alifurahi, akalipa rent.

Miezi minne baadaye mamake alimwita sebuleni, "Kuja usikie, si hii ni ile kelele yako?" Ilikuwa kwa TV. Tangazo la bidhaa, sekunde 45, gita lake kutoka mwanzo hadi mwisho. Wiki hiyo hiyo likawa redioni. Aliwapigia. Jibu lao lilikuwa moja: "Lakini si tulikulipa?"

Alinitumia mimi huo ujumbe saa tano usiku, na swali moja tu: hiyo biti ni ya nani sasa?

Nikafikiri nitamjibu kwa dakika tano. Ilinichukua siku nne, na ndizo siku nne nilifurahia kusoma sheria kuliko miaka mitatu iliyotangulia. Kwanza niliogopa sehemu ya 31. Hiyo watu wengi hawaijui na ni kali: ukiagizwa kutengeneza kazi na mtu ambaye hajakuajiri, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Rudia hapo polepole, wewe unayechora nembo na kupiga picha za harusi. Msipokubaliana vingine, aliyeagiza ndiye mwenyewe. Nilikuwa karibu nimwambie pole. Kisha nikamuuliza alitengeneza lini ile biti. Akafungua faili. Ilikuwa ya 2022. Alikuwa ameitengeneza mwaka mzima na zaidi kabla hajajuana na hao watu, na alikuwa ameshaiweka kwa ukurasa wake ndiyo maana wakaiita "ile ya gita." Hawakuagiza itengenezwe. Walichagua iliyokuwa tayari. Tofauti hiyo ndogo, tarehe tu ya faili, ndiyo inatenganisha mtu aliyepoteza na mtu ambaye bado ana kitu.

Halafu sehemu ya 33. Kuhamisha hakimiliki, au kumpa mtu leseni ya yeye pekee, lazima iwe kwa maandishi na itiwe sahihi na anayetoa. Yeye hakutia sahihi popote. M-Pesa si sahihi. Kwa hivyo biti haikuuzwa. Hapo nilitaka kumpigia simu nipige vigelegele, lakini sehemu hiyo hiyo inaendelea, na hapa ndipo mawakili wa upande wa pili wangekaa: leseni isiyo ya kipekee inaweza kuwa ya mdomo, au hata kueleweka tu kutokana na vile watu walivyotenda. Kumaanisha ukweli ni kwamba waliruhusiwa. Aliwatumia mwenyewe, akapokea pesa. Swali linabaki, waliruhusiwa kufanya nini? Na jibu liko kwa ujumbe wao wenyewe: video ya ivent. Hawakusema TV. Hawakusema redio. Hawakusema bidhaa ya mteja wao.

Nilimwambia asifute hiyo chati hata simu ikijaa, na asidhani skrinshoti pekee inatosha, kwa sababu Sheria ya Ushahidi, sehemu ya 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulitolewa vipi na kwa kifaa gani. Aliniuliza kama mimi ninaweza kumwakilisha. Haiwezekani. Nikimaliza digrii kuna Kenya School of Law, kuna miezi sita ya kuwa chini ya wakili, kuna mitihani ambayo watu husimulia wakiwa wameangalia chini. Nikampeleka kliniki ya msaada wa kisheria, wakili pale akasoma kila kitu, akakubali karibu yote niliyoandika, akanirekebishia mahali pawili, akaandaa barua ya madai.

Na sasa mnijibu hili, maana vitabu vyangu haviwezi. Kwa nini kuna hukumu chache hivi za watu kama yeye? Hukumu ziko bure kwa tovuti ya Kenya Law, mtu yeyote anaweza kusoma, na nyingine ni tamu kuliko mfululizo wa TV. Nimetafuta kwa wiki nyingi. Napata kampuni ya simu dhidi ya shirika, shirika dhidi ya kituo, kituo dhidi ya serikali. Yule wa godoro ukutani ni nadra sana kumwona. Sidhani ni kwa sababu haibiwi. Nadhani ni kwa sababu mji huu ni mdogo. Watu wanaotoa kazi ni wale wale, wanakunywa pamoja, na jina la "yule mtu wa kupeleka watu korti" likizunguka kwa kundi moja la WhatsApp, simu inanyamaza. Sheria inampa haki. Haimpi kazi ya mwezi ujao. Hili silaumu kitabu chochote, lakini ninaliandika kwa utafiti wangu, sura ya nne, na najua mtahini mmoja ataniambia si hoja ya kisheria.

Mjomba alinipigia wiki iliyopita. Kuna mtu wa kanisa lao amerekodi nyimbo na kikundi kingine kimezitoa kwa jina lao, anataka kujua afanye nini. Hakutaja habari ya DJ. Nilimwambia aulize kwanza kama kuna kitu chochote kiliandikwa, akasema watu wa kwaya hawaandikiani.

Barua ya rafiki yangu iko tayari. Imekaa kwa simu yake tangu Jumapili ya wiki jana, kurasa mbili, haijatumwa. Ile kampuni ilimwandikia Jumatano, wana kazi nyingine ya Desemba, safari hii 15,000, na wanataka jibu Ijumaa.